Kura za Seneta Hapana

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, vijana, habari za jioni. Shikamooni wakubwa. Wengine tutasalimiana kwenye chai.

Nianzie Dodoma. Nimekaa kwenye jukwaa la waandishi pale bungeni miaka mingi kiasi kwamba hata usingizini nasikia: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyooo! "Wasioafiki waseme siyo." Kasauti kadogo pembeni. "Nadhani walioafiki wameshinda." Basi, mswada umepita. Sasa niulize nani alisema ndiyo, nani alisema siyo, na nani alikuwa kantini anamalizia chapati. Hakuna anayejua. Lakini kwenye bajeti kuu katibu husimama akaita majina, mmoja baada ya mwingine, na hapo ukumbi hubadilika. Aliyekuwa anachati anaweka simu chini. Mwingine anafunga kifungo cha koti. Kila mtu anajua jina lake linakwenda kuandikwa, na mbele ya jina litawekwa neno moja litakalobaki pale akiwa hai na akiwa kaburini.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kusoma rekodi ya mbunge aliyedumu muda mrefu. Ningeweza kuchukua wa hapa kwetu, ila mwenyekiti wenu ni rafiki yangu na bado anahitaji kazi. Nimechukua wa mbali, aliyekwisha kufa, na ambaye kura zake nyingi nzito ziliitwa kwa majina: Jesse Helms, seneta wa North Carolina, Marekani, kuanzia Januari 1973 hadi Januari 2003. Miaka 30 kamili. Mhafidhina wa kikweli, wala yeye hakuona haya ya kuitwa hivyo. Gazeti la nyumbani kwao lilimbatiza jina la kumcheka, Seneta Hapana, na yeye akalipenda. Ofisini kwake alitundika ukutani vikatuni vya magazeti vilivyokuwa vinamkejeli. Mgeni akiingia anakutana na ukuta mzima wa matusi, mwenye ofisi amekaa katikati anatabasamu.

Na sikumchukua kwa sababu ya ugeni wake. Kuna sentensi moja aliyoiandika mwaka 1973 ambayo imeingia katika zahanati zetu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nitaifikia.

Alizaliwa Oktoba 1921 katika mji mdogo wa Monroe. Baba yake alikuwa mkuu wa polisi pale, mtu mrefu wa miraba minne. Kijana akaingia magazetini, akahamia redioni, akakaa kidogo Washington kama msaidizi wa seneta, akawa diwani wa jiji la Raleigh. Hayo tupite haraka. Kilichomjenga ni televisheni. Kuanzia 1960 hadi 1972, baada ya taarifa ya habari ya jioni katika kituo cha WRAL cha Raleigh, alikuwa anatoa maoni yake kwa dakika chache. Vyuo vikuu vinaharibu watoto. Harakati za haki za watu weusi zina mkono wa wakomunisti. Serikali ya Washington inakula jasho la mkulima. Redio ndogondogo za vijijini zikayachukua maoni hayo na kuyarusha. Miaka 12, karibu kila siku ya kazi. Alipogombea, mkulima wa tumbaku wa mashariki ya jimbo hakuhitaji kuambiwa Helms ni nani. Alikuwa amekula naye chakula cha jioni miaka yote hiyo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu vyama, maana wengi mnachanganya. Kusini mwa Marekani, tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mzungu wa kawaida alizaliwa Democrat kama mtu anavyozaliwa katika dini ya wazazi wake. Helms naye alikuwa Democrat mpaka 1970, ndipo akahamia chama cha pili, Republican. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipopitishwa na rais wa Democrat, imani hiyo ikaanza kumomonyoka. Lakini watu wa mashariki ya North Carolina hawakurudisha kadi. Waliendelea kuwachagua Democrat kwenye halmashauri na ugavana, ila kwenye useneta wakampa Jesse. Walipata hata jina lao, Jessecrats. Bila wao asingeshinda hata mara moja.

Tuje kwenye chaguzi. Alisimama mara tano, akashinda mara tano. Nimeziandika ubaoni: 1972, asilimia 54. 1978, 54 na nusu. 1984, 51.7. 1990, 52.5. 1996, 52.6. Zitazameni vizuri. Mtu wa miaka 30 madarakani hakuwahi kufika asilimia 55. Mwaka 1972 Nixon, mgombea urais wa chama chake, alipata karibu asilimia 70 katika jimbo hilohilo, siku hiyohiyo. Mwaka 1984 Reagan alipata karibu 62. Helms alikuwa nyuma yao kwa mbali, kila mara.

Mwanasiasa wa kawaida akiona takwimu kama hizo analainika, anatafuta watu wa katikati. Helms alikwenda upande wa pili. Yeye na mwanasheria mmoja wa Raleigh, Tom Ellis, walianzisha chombo cha kuchangisha fedha kilichoitwa Congressional Club, kikawa mtambo wa ajabu. Nieleze ulivyofanya kazi, maana hapo ndipo kura na uchaguzi vinapokutana.

Seneti ya Marekani, tofauti na bunge letu, inampa seneta mmoja nafasi kubwa ya kupachika marekebisho kwenye mswada wowote, hata usiohusiana. Mswada ni wa bajeti ya kilimo, wewe unaleta marekebisho juu ya sala mashuleni. Helms analeta marekebisho yake na kudai kura ya majina. Anajua atashindwa. Wakati mwingine anataka kushindwa. Maseneta 100 wanalazimika kutamka ndiyo au hapana juu ya jambo ambalo wangelipa hata fedha wasiulizwe: utoaji mimba, sala, mabasi ya kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali mashuleni. Jioni majina yanachapwa. Wiki inayofuata barua zinakwenda katika mamia ya maelfu ya nyumba nchi nzima: mpendwa rafiki, tazama seneta fulani alivyopiga kura, tuma dola 20. Dola 20 zinarudi zikiwa kwenye bahasha kutoka kwa bibi wa Texas na mstaafu wa Ohio ambao hawajawahi kufika North Carolina. Fedha zinanunua matangazo ya televisheni. Matangazo yanasoma kura ileile.

Mtambo huo ndio uliomwokoa Reagan mwaka 1976. Alikuwa ameshindwa na Rais Ford katika kura za awali za chama chao jimbo baada ya jimbo, fedha zimeisha, watu wanamwambia arudi nyumbani. Machi 23 akashinda North Carolina kwa kazi ya Helms na Ellis, akapata pumzi iliyomfikisha mpaka mkutano mkuu wa chama. Mwaka ule uteuzi alikosa, lakini wanahistoria wengi wanakiri kwamba Reagan wa 1980 alizaliwa upya siku ile.

Sasa 1983. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha, kwa kura 338 dhidi ya 90, mswada wa kuifanya siku ya kuzaliwa ya Martin Luther King kuwa sikukuu ya taifa. Ulipofika Seneti, Helms akasimama kuupinga. Akaleta furushi la karatasi kuhusu King na wakomunisti, akaligawa ukumbini. Seneta Moynihan wa New York aliyapokea makaratasi hayo, akaita ni uchafu, akayabwaga sakafuni na kuyakanyaga. Oktoba 19 majina yakaitwa: ndiyo 78, hapana 22. Hata Strom Thurmond wa South Carolina, aliyewahi kusema zaidi ya saa 24 mfululizo kuuzuia mswada wa haki za kiraia mwaka 1957, alisema ndiyo. Helms akasema hapana.

Magazeti yakaandika amejimaliza. Tazameni tarehe lakini. Mwaka unaofuata alikuwa na uchaguzi dhidi ya Gavana Jim Hunt, kijana, msomi, kipenzi cha jimbo, na kura za maoni zilikuwa zinampa Hunt uongozi wa pointi kama 20. Baada ya sakata la King pengo likaanza kuziba. Kampeni ile ikawa ya gharama kubwa kuliko zote za useneta zilizowahi kufanyika Marekani hadi wakati huo, zaidi ya dola milioni 25 kwa pande zote mbili. Tangazo baada ya tangazo lilimalizika kwa swali moja kwa Hunt: wewe umesimama wapi, Jim? Kwa yule mwenye rekodi ya hapana 1,000, swali hilo ni mkuki. Kila mtu alijua yeye amesimama wapi, hata waliomchukia. Wapiga kura niliowahi kuzungumza nao hapa kwetu, wakieleza kwa nini wanamrudisha mbunge wasiyempenda sana, wananiambia neno hilohilo: "Huyu angalau tunamjua."

Lakini tusimpambe. Naomba tutazame kitu kimoja kwa karibu, tangazo la 1990.

Mpinzani wake alikuwa Harvey Gantt, msanifu majengo, mtu mweusi wa kwanza kusoma katika chuo cha Clemson, meya mweusi wa kwanza wa Charlotte. Zikiwa zimebaki siku chache Gantt alikuwa anaongoza katika baadhi ya kura za maoni. Ndipo likatoka. Huoni uso. Unaona meza, na mikono miwili ya mzungu, mikono ya mtu wa kazi, shati la mirabamiraba. Imeshika barua. Sauti inasema ulihitaji ile kazi, wewe ndiye uliyestahili, lakini ilibidi wampe mtu wa kabila la wachache. Mikono inaifinyanga ile karatasi mpaka inakuwa donge. Kisha picha ya Gantt. Nusu dakika tu. Huwa nawaonyesha wanafunzi tangazo hilo bila sauti, na wanalielewa lote. Gantt hakuwa amemnyima mtu yule kazi, lakini mikono ile haikumtuhumu kwa kosa lolote. Iliacha mtazamaji amalizie mwenyewe.

Chini ya tangazo kulikuwa na jambo jingine lisilozungumzwa sana. Kadi za posta 125,000 zilitumwa, nyingi kwa wapiga kura weusi, zikidokeza kwamba huenda hawana sifa ya kupiga kura kwa sababu ya kuhama makazi na kwamba wanaweza kushitakiwa. Wizara ya Sheria, tena chini ya rais wa Republican, ilikwenda mahakamani dhidi ya chama cha jimbo na kamati ya kampeni ya Helms, na mwaka 1992 wakasaini makubaliano ya kutorudia. Yeye alikuwa ameshakaa kitini.

Hapo kijana mmoja hakosi kuniuliza: na Michael Jordan je? Ndiyo, Jordan amekulia Wilmington, North Carolina, na aliombwa amuunge mkono Gantt hadharani, hakufanya hivyo. Wamarekani wanamsema mpaka leo. Mimi naona ni rahisi mno kumbebesha mcheza mpira wa kikapu kura milioni moja za watu wazima.

Turudi kwenye rekodi. Mwaka 1986 Bunge lao lilipitisha vikwazo dhidi ya utawala wa makaburu, Reagan akatumia kura ya turufu, ikabidi wapige tena kuipindua. Ninyi mnajua sisi wakati huo tulikuwa wapi. Mazimbu pale Morogoro kulikuwa na shule nzima ya vijana wa ANC, watoto waliokimbia Soweto wakasoma kwenye ardhi tuliyowapa. Helms akamweka kwenye simu waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini, Pik Botha, azungumze na maseneta wa majimbo yanayolima nafaka. Ujumbe: mkipindua turufu hatutanunua tena ngano yenu. Seneta Lugar, Republican mwenzake na mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje wakati huo, alikasirika, akasema hii ni rushwa ya kigeni. Oktoba 2 majina yakaitwa: 78 kwa 21. Turufu ikapinduliwa, na jina la Helms liko kwenye ile 21.

Kama mngesoma kura hizo mbili tu mngesema huyu ni mtu wa kushindwa. Wengi wanakosea hapo. Chukueni kura ya 1987. Ukimwi ulikuwa unaua vijana wa New York na San Francisco, serikali inatoa fedha za elimu. Helms akasimama na kijitabu cha vikatuni kilichotengenezwa na kikundi cha kujitolea kuwaelimisha mashoga, akaleta marekebisho: fedha za serikali zisitumike kwa elimu inayochochea vitendo hivyo. Akadai majina yaitwe. 94 ndiyo, 2 hapana. Wapo waliokuwa wanamwita mbaguzi asubuhi na kumpigia ndiyo jioni, kwa sababu kila mmoja aliona tangazo la televisheni la mwaka unaofuata likipita mbele ya macho yake. Rekodi ya Helms, kwa hiyo, inakaa nusu yake ndani ya rekodi za wengine. Anayetaka kuisoma asitafute tu alichosema yeye. Atafute aliowalazimisha kusema.

Kuna siku mtego huo ulimrudia. Julai 1993 alileta marekebisho yaliyoonekana madogo: chama cha akina mama wa Kusini, mabinti wa wapiganaji wa upande ule ulioshindwa, wapewe tena hataza ya nembo yao yenye bendera ya wapigania utumwa. Seneta Carol Moseley Braun wa Illinois, mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti na wakati huo mtu mweusi pekee ukumbini, akaomba yatupwe. Akashindwa, 52 kwa 48. Akarudi akasimama, akasema hakai. Akaongea juu ya mababu zake waliouzwa, juu ya maana ya kuweka muhuri wa Seneti ya Marekani juu ya bendera ile. Maseneta wakaanza kutoka vyumba vya pembeni. Mzee mmoja wa Alabama, Howell Heflin, ambaye babu yake alitumikia jeshi la Kusini, akasimama akasema anabadili kura. Wakapiga upya: 75 kwa 25 dhidi ya Helms. Watu 27 walikula maneno yao ndani ya mchana mmoja, hadharani, majina yakiitwa. Mimi bungeni kwetu sijawahi kuona kitu kama hicho, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba kura ya "ndiyooo" haina jina la kubadilisha.

Helms hakusahau. Miaka sita baadaye Clinton alipomteua mama huyo kuwa balozi New Zealand, Helms alimchelewesha kadiri alivyoweza kabla Seneti haijamthibitisha kwa kura 96 dhidi ya 2.

Na aliweza kuchelewesha kwa sababu tangu 1995 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje. Huko hakuhitaji kupiga kura kabisa. Mwenyekiti anapanga ratiba. Jambo asilolitaka haliwekwi kwenye ratiba, basi. Mwaka 1997 gavana wa Massachusetts, William Weld, Republican mwenzake, aliteuliwa balozi Mexico. Helms akasema hapana, na hakumwita kwenye kikao cha kumsaili. Wenzake wakamlazimisha kuitisha kikao. Akakiitisha, akakiongoza, Weld amekaa ukumbini muda wote, hakupewa nafasi ya kutamka neno. Siku chache baadaye Weld akajitoa. Kwenye daftari la kura hutakuta kitu, maana kura haikupigwa.

Sasa ile sentensi. Mwaka 1973, akiwa seneta mgeni ambaye hata njia za jengo alikuwa bado anazijifunza, alipachika kwenye sheria ya misaada ya nje marekebisho yenye maneno machache kuliko ujumbe wa simu mnaotumiana: fedha za misaada ya Marekani zisilipie utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango, wala kumshawishi au kumlazimisha mtu yeyote kuufanya. Nixon akasaini Desemba mwaka huo. Marais wamekuja na kuondoka. Kuna ile amri nyingine ya 1984, ya kuyanyima misaada mashirika ya kigeni yanayojihusisha na utoaji mimba, ambayo kila rais wa Democrat anaifuta na kila wa Republican anairudisha, kama mlango wa baa. Sentensi ya Helms haifutwi kwa kalamu ya rais maana ni sheria ya Bunge. Imekaa zaidi ya miaka 50.

Mkunga wa Kisumu au Mbeya hajawahi kusikia jina la Monroe, North Carolina. Lakini kama mradi wake ulikuwa unalipwa na Marekani, sentensi ile ilikaa naye mezani. Mwaka 1994 Bunge lao liliongeza ufafanuzi kwamba kutoa taarifa na ushauri kunakoruhusiwa na sheria ya nchi husika si kushawishi. Ufafanuzi ukabaki Washington. Huku, wasimamizi wa miradi waliogopa kukosa fedha, na wafanyakazi wakaona heri kunyamaza kuliko kubahatisha. Na Kenya ilipoandika katiba ya 2010, yenye kifungu kinachoruhusu utoaji mimba pale maisha au afya ya mama inapokuwa hatarini, fedha za Marekani zilikuwa bado zinafuata sentensi ya 1973.

Niwape na upande mwingine, maana mtu si ubao wa matokeo. Miaka ya sitini yeye na mkewe Dorothy walisoma gazetini habari za mtoto wa kituo cha yatima, miaka tisa, mwenye ulemavu wa mtindio wa ubongo, aliyesema anachotaka Krismasi ni mama na baba. Walikuwa na mabinti wawili tayari. Wakamchukua mtoto yule, wakamlea. Halafu mtu huyohuyo, mwaka 1995, akajibu barua ya mama mmoja wa Raleigh, mjane wa rafiki yake, aliyemwandikia kwamba mwanawe amekufa kwa ukimwi na kumsihi asiwahukumu watu kama yeye. Helms alimpa pole, kisha akaandika kwamba anasikitika mwanawe alicheza na kifo kwa jinsi alivyoishi. Nimejaribu miaka mingi kuwaweka watu wawili hawa ndani ya koti moja. Huwa nashindwa.

Mwaka 2000 ulikuwa mwaka wa ajabu kwake. Januari ile Marekani ilikuwa inaongoza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kuufanya mwezi wa Afrika. Tarehe 10 Baraza likajadili ukimwi barani mwetu, mara ya kwanza kwa chombo kile kujadili ugonjwa. Tarehe 19 akaketi pale Mandela, kuzungumzia Burundi na mazungumzo ya Arusha aliyoyarithi kwa Mwalimu. Tarehe 20 akaketi Helms, yuleyule wa simu ya Botha, kuwaambia mabalozi wa dunia kwamba Marekani haitakubali kutawaliwa na Umoja wa Mataifa. Siku moja tu kati yao.

Na mwaka huohuo Bono, mwimbaji wa Ireland, akaomba kumwona. Kila mtu alicheka. Bono alikwenda na Biblia. Hakumwambia habari za haki za binadamu, alimhesabia mistari inayotaja maskini, akamlinganisha mgonjwa wa ukimwi na mkoma wa Injili. Bono amesimulia kwamba mzee alitokwa machozi. Mwaka uliofuata Helms akaenda kwenye tamasha la bendi yake, mzee wa karibu miaka 80 mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni, akarudi akisimulia umati ulivyoyumba kama mahindi kwenye upepo. Kwa mtu wa mashamba, hiyo ni sifa kubwa.

Februari 2002, kwenye mkutano wa Wakristo juu ya ukimwi ulioitishwa na mhubiri Franklin Graham, akasema anaona aibu kwa kufanya machache mno. Machi akaandika kwenye Washington Post kwamba ataomba dola milioni 500 kuzuia mama wa Afrika wasiwaambukize watoto wao, na kwamba labda umri unamfanya awaze sana juu ya kukutana na Muumba wake. Wengine wakauliza, sawa, na wale vijana wa New York? Wao hakuwarudia kwa sauti hiyo. Mtoto mchanga wa Afrika alikuwa, kwa hesabu zake, hana kosa. Sipendi hesabu hiyo, lakini siwezi kujifanya haikuleta kitu. Yeye na Seneta Frist walipeleka marekebisho, Ikulu ikawaomba wayapunguze hadi milioni 200, na Juni hiyo Bush mwenyewe akatangaza mpango wa milioni 500 kwa mama na mtoto. Januari 2003, siku 25 baada ya Helms kuondoka Seneti, Bush akatangaza PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi: dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Katika nchi za kwanza kuchaguliwa zilikuwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Mhafidhina wa vijijini aliyesita kuipigia kura angeweza kusema, hata Jesse alikubali.

Alifariki Julai 4, 2008, siku ya uhuru wao, akiwa na miaka 86. Hoja yake nyingine, kwamba shirika la misaada la USAID livunjwe na kazi zake zipangwe upya, aliipigania miaka ya tisini na hakuipata yote. Julai 1, 2025 USAID ikaacha kuendesha misaada na kilichobaki kikaingia wizara ya mambo ya nje. Baadhi yenu hapa mna ndugu waliopewa barua za kuachishwa kazi mwaka huo.

Kwa hiyo fikirieni kliniki ya mama na mtoto, 2005, mahali popote kati ya Mbeya na Kisumu. Juu ya meza kuna chupa ya nevirapini, dawa ya kumkinga mtoto na virusi vya mama, iliyolipiwa na fedha ambazo mzee yule alisaidia kufungulia mlango. Kwenye droo ya meza ileile kuna mwongozo wa mradi, na ndani ya mwongozo ule sentensi yake ya 1973. Muuguzi anampa mama dawa, anaandika namba kwenye kadi. Mama anauliza swali. Muuguzi anatazama droo.

Nimeona mikono mitatu. Tuanze na dada pale karibu na dirisha.